Togwa Aliyoamuru Hakimu

Mjukuu wangu Tumaini,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Hatujambo, ila baridi ya Sumbawanga imetuhamishia jikoni kutwa nzima. Ng'ombe wa shangazi yako amezaa.

Unauliza kama ni haki dereva mlevi apelekwe kutibiwa badala ya jela. Nyie mnaosomea sheria mna maswali. Babu yako unajua alivyokuwa zamani?

Watu binafsi walipoanza kununua malori, yeye aliendesha moja, akibeba mahindi vijijini. Kila alikofika alipokewa kwa kata ya pombe ya ulezi, na kwetu Ufipa kukataa pombe ya mwenyeji ni kumdharau. Alikunywa mpaka mikono ikawa inatetemeka asipokunywa. Siku moja akabomoa ghala la jirani kwa lori. Mtoto wa jirani alikuwa ametoka humo punde tu.

Hakimu alimnyang'anya leseni, akaamuru akatibiwe hospitali ya misheni. Kisha akatugeukia sisi tuliojaa mahakamani.

"Nani hapa hajawahi kumpa pombe?"

Tukainamisha vichwa.

"Basi akirudi, mtampokea kwa togwa isiyolevya."

Sijui kama sheria ilimruhusu kutuamuru, lakini nani angebisha? Hospitali ilimtibu, sikatai. Ila aliporudi, kila mmoja wetu alijikuta ameshanyoosha mkono kumchotea pombe, ndipo tulipojua kuwa tulikuwa tunaumwa wote.

Hadi leo, nyumba yoyote atakayoingia, togwa inafika kabla hajaketi. Hulalamika kwamba haina sukari, halafu anasogeza kata wamwongezee togwa nyingine.

Bibi yako