Sebule ya Pembe Nane

Jumamosi, 1 Februari
Nimefyeka kiwanja chetu cha Shirere tangu asubuhi. Mgongo unauma. Fundi Luvai alifika saa nne, akaitandaza ramani ya nyumba yetu juu ya matofali, akaitazama kwa muda mrefu. Ayuma, binti yangu, ameichora mwenyewe. Yuko mwaka wa tatu chuoni, anasomea uchoraji wa majengo. Sebule ya pembe nane katikati, vyumba vimeizunguka. Niliipenda siku aliponiletea. Luvai aliikunja, akasema tutaongea Jumatatu.

Jumatatu, 3 Februari
Leo amesema. Pembe nane ni viungo vinane vya paa, na kila kiungo ni njia ya maji. Hajawahi kukata mbao za namna hiyo. Tena choo kiko huku, jikoni kule, mabomba yatavuka nyumba nzima.
"Mzee, mvua ya hapa inanyeshanga kila alasiri," akaniambia. "Tujenge ile tunaweza."
Anataka nyumba ya mstatili, paa la miteremko miwili. Tunajenga mimi na yeye tu. Najua anasema kweli. Nimemwambia nitaongea na Ayuma kwanza.

Alhamisi, 6 Februari
Sijampigia.

Jumapili, 9 Februari
Amepiga yeye, nikitoka kanisani. Aliuliza kama Luvai ameielewa ramani. Nikasema ameielewa sana. Kwa nini nilisema hivyo? Kesho tunapigilia vigingi vya mstatili. Mwoga mimi.

Ijumaa, 21 Februari
Msingi umemwagwa simiti. Ayuma aliomba picha. Nikapiga kona moja tu, ile inayofanana na ya kwake. Akajibu, "Asante Baba. Nimelia."
Jioni niliacha obusuma, ugali wetu, ukipoa mezani. Mama Ayuma amesema uongo huu niubebe peke yangu.

Jumamosi, 1 Machi
Amekuja bila kutuarifu. Nilikuwa nachanganya mchanga na simiti. Akatembea juu ya msingi polepole, kona nne, akarudi alipoanzia. Hakuniuliza mimi. Alimwuliza Luvai, naye akamweleza yote: viungo, mabomba, mvua. Akasikiliza vizuri, akauliza na maswali. Kisha akanigeukia.
"Baba, hayo yote ningeyarekebisha kwa siku mbili. Ungeniambia tu."
Nilikuwa nikijiambia namlinda. Si kweli. Nilijilinda mimi, nisiuone uso wake ukibadilika. Nimeuona.

Jumapili, 2 Machi
Ameondoka mapema. Alimkumbatia mama yake. Mimi akanipa mkono, kama mgeni. Ramani ameenda nayo.

Jumatano, 12 Machi
Kuta zimefika kiunoni. Asubuhi Luvai alisimamisha kazi, akaanza kuhamisha alama za madirisha. Nikamwuliza nani kamwambia. Ni Ayuma. Kumbe wamekuwa wakiongea kwa simu wiki nzima. Amemtumia mchoro mpya juu ya msingi huuhuu. Ukuta kati ya sebule na meza ya chakula ameuondoa, dirisha kubwa amelipeleka mashariki. Luvai akanionyesha kwenye simu yake. Nyumba hii ni rahisi kujenga, na ni nzuri kuliko tulivyopanga sisi wawili.
Nimefurahi. Nimeona wivu pia. Zamani aliyekuwa akipigiwa ni mimi.
Nilimwomba Luvai amsalimie. Akasema atamsalimia. Tukapandisha mistari mitatu ya matofali, tukanawa mikono.