Maana Niliyoitoa Nje

Jumatatu, 14 Julai

"Muziki usiopigwa redioni ni muziki ambao watu wameukataa." Kaandika Shomari asubuhi hii kwenye kundi letu la simu la watu wa Bagamoyo, hata chai sijamaliza. Upuuzi. Mtu hawezi kukataa kitu ambacho hajawahi kusikilizishwa. Redio inapiga wimbo uleule tangu Ramadhani iishe. Watu wanauimba kwa kuchoka, na Shomari anaita hayo mapenzi.

Anawasema Uani, kikundi cha muziki cha hapa mjini. Vijana hawa hawana msimamizi, hawana studio. Wanarekodi uani kwa mama yake Zuhura, mmoja wao, godoro limeegemezwa ukutani kuzuia mwangwi. Katikati ya wimbo wao mpya jogoo anawika, nao wamemwacha. Shomari kauliza: "Huyo jogoo ndiye mwimbaji wa pili?" Kundi zima likacheka. Na mimi nikacheka, kisha nikajikasirikia kwa kucheka.

Nimemjibu, na kwa urefu. Nilisoma naye darasa moja. Siku hizi ni refa wa kikapu, na anaandika kama anavyochezesha. Anapuliza kipenga kwanza, anatazama baadaye.

Umeme umekatika tena. Kwenye redio ya betri, ile bandari tunayoahidiwa hapa. Nitazikwa wakiwa bado wanaijadili.

Jumatano, 16 Julai

Jioni uwanjani. Wasichana wetu wamefungwa na wa Dar. Sababu naijua na nimeshaiandika mara nyingi: kila mmoja anataka kurusha kutoka mbali, hakuna anayetaka kuumia chini ya kikapu kugombea ribaundi, mpira ukidunda kutoka ubaoni. Ugonjwa wa kutazama vipande vya mechi kwenye simu. Zuhura peke yake ndiye anacheza kikapu. Yeye huyohuyo wa Uani. Hijabu imefungwa nyuma imara, anaona pasi ambazo wenzake hawajaziwaza. Shomari kampulizia kosa la hatua ambalo halikuwepo. Nikasimama kupiga kelele. Akanigeukia, kipenga mdomoni: "Bi Asha, kaa chini, kaandike makala!" Uwanja mzima, vicheko.

Nimerudi nyumbani nimemkuta kabadilisha silaha. Kaandika kwamba wimbo wa Uani ni wa ngoma ya mwali, umeokotwa kijijini Mkange, na hauna maana yoyote. "Maneno matupu ya vibibi."

Wimbo naujua. Huimbwa mwali anapotolewa nje, mchana kweupe, barabarani, wanaume wakisikia. Haukuokotwa. Zuhura aliuomba kwa Bi Mwanaheri, akaimbiwa, akapewa. Mimi ndiye niliyempeleka. Bi Mwanaheri ni somo wangu. Ndiye aliyenifunda nilipokuwa mwali.

Maneno matupu! Kesho atanitambua.

Alhamisi, 17 Julai

Nimeandika. Makala bora kuliko zote nilizowahi kuweka ukurasani kwangu mtandaoni. Nimeuchambua wimbo mstari kwa mstari: ndege ni nani, mlango ni upi, kwa nini unaimbwa kwa kicheko. Nimeonyesha kwamba wale vibibi walikuwa na fasihi kabla ya Shomari kujua neno fasihi. Mwisho nikataja nimefundishwa na nani, jina na kijiji, asije akasema nimebuni.

Hadi adhuhuri imesambaa kila mahali. Shomari kaandika: "Nimeshindwa. Kumbe tulikuwa tunasikia bila kusikia." Sijapata kumwona akikubali, katika umri wetu wote.

Nimefurahi kama mtoto.

Ijumaa, 18 Julai

Zuhura kaja dukani kwangu baada ya swala. Shikamoo, kisha akabaki anazigeuza kalamu kwenye boksi. Nikamwambia aseme.

"Mama, yale ya ndani yanaruhusiwa kuandikwa?"

Nikampa hotuba. Kwamba elimu ikifichwa inaoza. Kwamba mafumbo yasipoelezwa yanakufa na wenyewe. Akasubiri nimalize, ana adabu yule.

"Bi alinipa wimbo. Maana hakunipa. Nilimwomba, akasema nitaipata siku nitakapofundwa." Akarudisha kalamu. "Sasa nimeisoma kwenye simu ya kaka yangu."

Nikamjibu kwamba yeye ni msanii, asiogope maneno. Jibu baya. Nililijua ni baya kabla halijanitoka.

Sijala jioni.

Jumapili, 20 Julai

Simu kutoka Mkange. Mwajuma, binti wa Bi Mwanaheri. Hakunisalimu, na hiyo peke yake ilitosha.

Nilikuwa nalijua jambo hili. Si kwamba nilisahau. Nilikuwa nashindana. Wimbo ni wa barabarani, wa kila mtu. Maana ni ya chumbani. Somo humpa mwali, na tangu siku hiyo somo ndiye dhamana ya mdomo wa mwali wake. Mwali akiropoka, haulizwi yeye. Anaulizwa aliyemfunda.

Kwa hiyo wanawake wa Mkange hawakuja kwangu. Walikwenda uani kwa Bi Mwanaheri, mzee wa watu, wakamuuliza alifundisha nini.

Rukia, binti aliyemaliza kidato cha nne, alikuwa ndani kwake akifundwa. Atatolewa Jumamosi. Mama yake kamchukua, kampeleka kwa kungwi mwingine. Mwajuma alinipa maneno kama yalivyosemwa: "Hatutaki mtoto wetu atoke na mdomo kama wa Asha." Na wengine wanasema hawatampelekea Bi mwali tena. Kazi yake ya maisha, na ndiyo heshima yake yote.

Nimeifuta makala. Haisaidii. Watu wameshaipiga picha, inazunguka.

Jumatatu, 21 Julai

Nimeanza makala ya kujitetea. Ilikuja haraka, tena imenyooka. Kwamba siri ni chombo cha wenye nguvu. Kwamba nani aliwapa wanawake wa Mkange haki ya kumhukumu mwenzao. Hoja nzuri zote. Hakuna hata moja inayomrudishia Bi Mwanaheri mwali wake.

Nimeifuta nayo.

Jumanne, 22 Julai

Nimempigia mwenyewe. Shikamoo Bi. Marahaba mwanangu, hujambo, goti lako linaendeleaje? Kaniuliza goti! Nikasubiri anitukane. Hakunitukana. Kanieleza kuhusu kuku wake na mihogo.

Nikamwambia nitaandika, nitawaeleza watu kwamba yeye hana kosa.

"Umeshaandika, mwanangu."

Akawafukuza kuku, akarudi kwenye simu.

"Jumamosi njoo. Usije na karatasi."

Alhamisi, 24 Julai

Mazoezi ya kikapu. Shomari kanifuata benchi, mkarimu kabisa, kaniletea maji. "Waache hao, wamepitwa na wakati. Wewe umetufumbua macho." Miaka yote nimetaka sifa kutoka kwa mtu huyu. Nimezipata, na natamani kuzitapika.

Halafu hili. Zuhura alikwenda kupiga mitupo huru. Wavulana nyuma ya kikapu wakaanza kuimba mstari ule. Ule wa mlango. Wakakonyezana, wakauimba tena polepole, kwa sauti ya kipumbavu. Wiki jana walikuwa hawajui mstari huo unasema nini. Mimi ndiye mwalimu wao.

Akakosa wa kwanza. Akakosa wa pili. Hakunitazama. Afadhali angenitazama.

Shomari alikuwa na kipenga shingoni. Hakukipuliza. Na mimi niliye hodari wa kupiga kelele, sikusimama.

Jumamosi, 26 Julai

Mkange. Gari liliondoka mapema. Makurunge, miwa, vumbi, kisha ile barabara inayoutikisa mwili mifupa yote. Sikubeba karatasi. Nilibeba doti ya kanga, na hata hiyo niliona aibu kuitoa.

Uani kwa kina Rukia pamejaa. Mwanamke mwingine ndiye aliyeifungua ngoma. Bi Mwanaheri alikuwa ukingoni mwa mkeka, karibu na ukuta wa mabanzi wa jiko, mikono mapajani. Mikono ile sijapata kuiona haina kazi ngoma ikilia. Nikapiga magoti, nikamwamkia, nikakaa karibu naye. Wanawake wakasogea kidogo. Si kunipisha.

Rukia katolewa kafunikwa kanga, kabebwa mabegani. Wakauanza wimbo. Kwenye mstari wa mlango, kijiwe cha bodaboda ng'ambo ya barabara kikacheka. Kicheko cha watu wanaojua. Wimbo ukakatika palepale, kama umekabwa. Mwenye ngoma akatazama chini, kisha akaanza kutoka mstari unaofuata. Wameuruka. Mama zetu na mama zao waliupita mstari ule mbele ya wanaume bila hofu, kwa kuwa ulikuwa umefungwa. Mimi nimeufungua, na sasa hauimbiki.

Waliporudi uani wakanigeukia. Hawakugombana. Waliimba.

*Kuku wa Mwanaheri,*
*akitaga atangaza!*

Wakaitikia wote, makofi, vigelegele. Kisha wakaongeza: kuku huyo kasoma, kuku ana miwani, yai bado la moto kalipeleka mjini. Mama yake Rukia kaja mbele yangu, kiuno kinazunguka, kaniinamia usoni: "Kokoo, Bi mkubwa! Leo umetaga lipi?" Wakaanguka kwa kucheka.

Nilikuwa na majibu. Mungu anajua nilikuwa nayo, tena makali, yamejipanga mdomoni. Nilifungua kinywa. Bi Mwanaheri akaweka kiganja juu ya goti langu bovu. Basi. Nikafunga.

Waliniimba mpaka wakachoka. Kila nilipodhani wamemaliza, mmoja alipata ubeti mpya. Nililia, na hakuna aliyenibembeleza, na ilikuwa haki.

Halafu chai, maandazi, maneno ya kawaida. Sikumwona ni nani, lakini mtu alikisukuma kile kigoma kidogo cha kungwi mkekani, kikafika mpaka kwenye goti la Bi Mwanaheri. Hakukipiga. Alikivuta karibu kidogo, akakikumbatia kwa mkono mmoja, akaendelea kunywa chai.

Rukia hakurudishwa kwake. Mwali ameshatoka.

Jumapili, 27 Julai

Duka limefungwa. Nimefagia. Goti linauma kwa safari.

Zuhura kanitumia ujumbe. Uani wanauondoa wimbo, hawatauimba popote. Si kwamba wamekatazwa. Wanarekodi mwingine wiki ijayo. Jogoo anabaki, kasema. Nimeusoma ujumbe huo mara kadhaa. Hakuandika kwamba amenisamehe, wala sikumuuliza.

Kanga yangu Bi aliipokea. Hakuyasoma maandishi yake mbele yangu.

Nimekaa na simu asubuhi yote. Nilitaka kueleza. Kila sentensi ya maelezo ilikuwa kutaga tena. Mwisho nimeweka ukurasani na kwenye kundi maneno haya tu, bila hoja:

Nyinyi wanaume mliohifadhi makala yangu ya wimbo wa Mkange, na wewe Shomari wa kwanza: ifuteni leo. Msinisifu, msinitetee. Na mkiusikia mstari ule barabarani, msicheke.