Mtoto wa Hori Analishwa Maharage

Mtaa wa Wachongaji,
Oke-Araromi, Ekiti.
9 Desemba 1951.

Mpendwa mume wangu mdogo, Fatunla,

Salamu nyingi kwanza. Huko Kumasi mnakula? Kifua chako kimepona? Mimi ni mzima, ila goti. Mwandiko wangu ni wa darasa la ubatizo, usinicheke. Wewe mwenye shule hujaandika tangu mvua zianze.

Babu yako naye ni mzima, na kichwa chake ni kigumu kuliko mvule anaouchonga. Mlango wa kanisa ameumaliza. Mamajusi wamelala kifudifudi mbele ya mtoto, kama tulalavyo mbele ya mfalme wetu. Watu wanatoka Ado kuja kuutazama. Ameshachonga na mtoto wa hori la Noeli, sasa yuko kwenye punda.

Lakini nyumbani hatulali, Fatunla. Shangazi yako Morounke alirudi kwetu kujifungulia, akapata pacha, Taiwo na Kehinde. Taiwo amefariki, leo wiki ya saba. Kehinde amekataa ziwa. Unajua mwenyewe: pacha aliyekufa asipochongwa sanamu, akaogeshwa na kulishwa, humwita mwenzake amfuate.

Nilimpigia babu yako magoti, mimi Abeke, amchonge Taiwo. Mzee huyu alichonga pacha wa nusu ya mji kabla hajaitwa Petro! Akasema alimwapia Padre kwamba tezo lake halitagusa sanamu isiyo ya kanisa.

"Mkono huu umeshaapa, Abeke."

"Mkono wako uliapa. Kehinde hakuapa kitu."

Akainama, akaendelea kumsugua punda. Tangu siku hiyo simpikii. Ale huyo punda.

Alhamisi niliingia kwa Morounke bila hodi. Kehinde yuko mgongoni, na mapajani kampakata mtoto Yesu wa babu yako, kamtoa kanisani. Keshamwogesha, kampaka vumbi jekundu la sanamu za pacha, anamlisha maharage na mawese, chakula chao. Nikainua mkono nimzabe.

Akasema, "Mama, huyu naye ni kazi ya mkono wa baba. Labda Taiwo hatajua."

Mkono ukashuka wenyewe. Nikafunga mlango.

Jioni ile Kehinde alinyonya kidogo. Tangu jana amekataa tena, na ana homa. Taiwo amejua.

Padre amehubiri juu ya wezi. Nilikaa mstari wa mbele nikaitikia Amina. Noeli imebaki siku kumi na sita. Yesu lazima arudi kwake, na Morounke hawezi kubaki mikono mitupu.

Wewe hukumwapia mtu. Babu yako alikufundisha tezo, ukakimbilia kupigilia mabodi ya malori ya watu. Basi panda moja uje. Usiniambie umesahau. Sitaki sanamu nzuri. Awe na macho, na mdomo wa kulishwa.

Leo asubuhi nimekuta kwenye benchi lako kipande cha mti, kirefu kama kiganja, kimemenywa gome. Pembeni yake patasi zako zote zimenolewa. Babu yako sikumwuliza. Ila nimempikia viazi vikuu.

Barua hii usiijibu. Njoo.

Msalimie mkeo Ebun na mdogo wako Bolade. Bwana akusafishie njia, na Ogun, mungu wa chuma wa wazee wetu, naye kama bado anatujua. Padre hasomi barua zangu.

Ni mimi nikupendaye hata ninapokugombeza,
Bibi yako, Abeke.