Noella, Sikukuona Ukiinuka

Mpendwa mwanangu Noella,

Tangu Jumamosi siketi. Nikikaa, miguu inadai barabara. Maharagwe yameungua tena, na baba yako ameacha hata kuuliza.

Unakumbuka baridi za Uswidi, hapa mtaani Rågsved, ulipofanya mazoezi uwanjani na theluji imesukumwa kando? Nilisimama pembeni na chupa ya chai, nikishangaa mtu anawezaje kukimbia kwa furaha bila kufukuzwa na yeyote. Sisi kule Bukavu tulikimbia vita. Ukanijia mdomo ukitoa mvuke: "Mamma, gå hem!" Nami nikakujibu kwa Kiswahili: "Siendi nyumbani bila wewe." Ukacheka, ukarudi kuruka viunzi vyako.

Miguu hiyo ndiyo iliyokupeleka chuo Amerika. Ulinieleza kwenye simu mambo ya kanda yenu: vyuo kadhaa vimeungana, kila mwaka vinapambana vyenyewe kwa vyenyewe, na hata anayemaliza wa nane kwenye fainali anakiletea chuo chake alama moja. Nikaitikia "sawa, sawa." Nilichoshika ni siku ya mashindano tu.

Jumamosi jioni, jua bado linawaka dirishani, tuliiegemeza simu ya baba yako kwenye bakuli la sukari. Ulitoka vizuri. Ulikuwa wa tatu. "Anakuja! Anakuja!" baba yako akapiga meza. Kisha kiunzi cha mwisho kikakushika mguu, ukaenda chini kifudifudi, na kamera ikakupita. Ikawafuata washindi. Wakakumbatiana, wakahojiwa, wakacheka. Mimi nasukuma kioo kwa kidole, kana kwamba picha ingesogea nikuone. "Rudisheni huko nyuma!" nikawapigia kelele watu wasionisikia. Matangazo yakaisha.

Nikatoka. Nikaenda hadi stesheni, nikarudi, nikaenda tena. Mama Joan, jirani yetu Mganda, akanikuta njiani. "Dada, kuna nini?" Nikazidi kutembea. Naye akatembea nami.

Ulipopiga simu, wewe unayenijibu Kiswidi siku zote, ulisema kwa Kiswahili: "Mama, mi mzima. Kifundo kimevimba tu. Nilisimama, nikamaliza. Nimekuwa wa nane."

"Kwa nini hukubaki chini wakusaidie?"

"Kulikuwa na alama moja, Mama. Ilikuwa yetu."

Chuo chenu hakikupata kombe, hilo nalo uliniambia. Lakini sauti yako haikuwa ya mtu aliyeshindwa, na tangu hapo najiuliza ni lini ulikua hivyo bila mimi kujua.

Watu wananiambia nitulie, mtoto ni mzima. Najua. Ila niliona ukianguka, na hakuna aliyenionyesha ukiinuka. Nikiosha vyombo, uko chini. Nikipanda treni kwenda kazini, uko chini. Kanisani wamesimama kuimba, nami nakuona umelala pale kwenye ile njia nyekundu.

Baba yako anasema likizo ubaki huko, mguu upone. Mimi nasema njoo. Huku pia kuna madaktari. Njoo upite mlangoni, hata kwa kuchechemea, nikuone umesimama kwa macho yangu haya.

Mungu akutangulie njiani, mwanangu.

Mimi mama yako, ambaye bado sijakaa.