Taa Nyekundu ya Gari la Baba

Jumatatu, 3 Machi
Nimeosha gari la marehemu baba. Kwenye dashibodi pana kipande cha plasta — ile ya kubandika vidonda! Nikabandua. Chini yake taa ya breki, nyekundu, inawaka. Nikampigia kaka. Eti aliibandika yeye, isimtie mama hofu. Eti gari lenyewe mkweche, Jumamosi analeta mnunuzi. Mama amekubali: taa isipozimika, liuzwe. Haya, tutaona.

Jumanne, 4 Machi
Breki ya mkono nimeishusha mpaka mwisho. Taa bado. Nikafungua boneti: mafuta ya breki yako chini ya alama. Nikaongeza. Ikazimika! Nikajipigia makofi, jirani akachungulia.

Jumatano, 5 Machi
Inawaka tena. Mafuta yamepungua. Basi yanavuja — na kaka alikuwa akiendesha hivyo hivyo, na plasta yake! Nimekasirika sana.

Alhamisi, 6 Machi
Jeki. Nimeng'oa magurudumu moja moja. La nyuma kushoto limelowa kwa ndani. Fundi wa kona kaniangalia juu mpaka chini, akauliza gari la mume wangu lina nini. Nikamwambia ni la kwetu, na mpira wa silinda ya breki umekwisha. Akaniletea mpya.

Ijumaa, 7 Machi
Mpira nimeufunga mwenyewe. Mikono myeusi tii! Lakini kutoa hewa kwenye breki ni kazi ya watu wawili: mmoja kwenye pedali, mwingine chini kwenye gurudumu. Nikamwita mama. Tangu mazishi hajagusa hata kitasa cha gari hili. Alisimama mlangoni kitambo, kisha akaketi — kiti cha baba. Mimi huku chini: kanyaga! shikilia! achia! Mara ya nne akaanza kunigombeza yeye: vipi, umelala huko? Jamani, mama! Pedali ikawa ngumu, taa ikazimika. Nimezunguka mtaa mara tatu, haikurudi. Mimi, mtoto wa mwisho, niliyekuwa nikifukuzwa nikigusa spana! Kichwa kimenivimba, na kivimbe.

Jumamosi, 8 Machi
Kaka amefika na mnunuzi. Nikamwambia kaka taa imezimika; akauliza nani katoa balbu yake. Balbu! Nikawasha gari mbele yake: taa ikawaka kidogo, ikazimika, inavyotakiwa.  Lakini eti ameshamwahidi mtu, niingie ndani nilete ufunguo wa pili.

Ninao mkononi, naandika haraka. Dirishani namwona mama. Ameingia kiti cha dereva, amefunga milango yote. Na kuendesha hajui! Kaka anagonga kioo. Mama hamwangalii. Amekanyaga breki, ameshikilia, anangoja mimi nimwambie achia