Teremuka Kwanza

Mujukuu wangu Furaha,

Jambo kutoka Bagira. Papa yako iko muzima. Mimi nakaa, nasimama, tangu ulituma lile swali, na shofere wa kwenda Kavumu, ku kiwanja ya avion, iko anangoja hii barua, anapiga honi. Simu haijue kuchora, ndiyo maana nakuandikia; mchoro uko nyuma ya karatasi.

Unauliza domaine inasomwa namna gani ku graphique, ule mchoro wa hesabu. Wakati wa Zaïre mwalimu aliniita ku tableau, ubaoni, kwa swali hilo hilo, na baba alikuwa amesema nikianguka hesabu, ananitoa masomoni. Sisi wa Bukavu tumezoea milima: nikapanda na courbe, ule mustari wa kupinda, nikasoma urefu wake.

"Citoyenne, nimekuuliza kilima? Teremuka!" mwalimu akasema; wakati ule kila mwanamke aliitwa hivyo, raia.

Nikaweka chaki ku mwanzo wa courbe, nikaishusha wima mpaka ku mustari wa chini, ule wa x. Nikafanya vile ku mwisho. Fasi yote courbe imefunika pale chini, ndiyo domaine. Lakini mwisho ulikuwa rond vide, kiduara kitupu: courbe inafika karibu kabisa, ila ile nukta haimo. Ingejazwa, ingekuwamo.

Nikasema hivyo, mwalimu akakubali, nikabakia masomoni. Sasa sauti yako inafika ku simu karibu kabisa, na kiti yako hapa mezani iko rond vide.

Noeli, uje uijaze.

Koko wako