Tanuru Lililo Chini ya Nyumba Yetu

Jumapili, Julai. Upepo wa Sumbawanga leo umekuja na hasira zake zote. Nimevaa sweta mbili, nimejitanda kitenge juu, na bado natetemeka. Sidhani kama ni baridi peke yake.

Wiki iliyopita nilipata tuzo. Mnaonisoma humu bloguni mnajua, maana nilijisifu vya kutosha. Makala yangu kuhusu tanuru la kuyeyushia chuma la kijijini kwetu ilishika nafasi ya kwanza katika tuzo za maandishi ya historia ya mkoa. Nilipanda jukwaani na viatu vya kuazima. Mwenyekiti wa majaji alisoma aya moja mbele ya ukumbi mzima, mama mmoja mbele yangu akafuta macho kwa ncha ya khanga.

Aya ile ni ya uongo.

Haya, nimesema. Sasa nieleze.

Aya inasimulia jinsi tanuru la mwisho pale kijijini, lililokuwa refu kuliko mtu mzima, la udongo wa kichuguu, lilivyoangushwa na mifugo ya wageni "waliokuja na makundi yao bila kujua wanakanyaga nini". Ni sentensi tamu. Ilinitoka kirahisi kwa sababu huku kwetu kikiharibika kitu chochote, iwe shamba, iwe chemchemi, hakosekani wa kusema ni ng'ombe wa Wasukuma. Hata ushahidi sikuutafuta. Na mimi ndiye mwalimu wa historia ninayewakata wanafunzi maksi kwa kuandika jambo wasilojua limetoka wapi! Mkuki kwa nguruwe.

Tena afadhali ningekuwa sijui. Ukweli ninao tangu nina miaka tisa: tanuru lile alilibomoa baba yangu.

Alikuwa anajenga nyumba, ya kwanza kuezekwa bati upande ule wa kijiji, na alitaka kifusi kigumu cha kujaza msingi. Udongo wa tanuru ulikuwa umechomwa na moto wa watu waliokufa zamani, ukawa mgumu kuliko tofali lolote alilomudu kulifyatua. Alipiga nyundo siku mbili. Sisi watoto tulibeba vipande kichwani juu ya kata za majani, tukiimba. Niligombana na dada yangu kwa ajili ya kipande kimoja kilichokuwa na alama za vidole vya mtu, vitatu, vimezama kwenye udongo. Nilishinda mimi. Nilikitumbukiza kwa mikono yangu pale ambapo leo ni chumba cha mbele.

Baba hakuwa mtu mbaya. Wakati ule hakuna aliyeliita lile dude historia. Lilikuwa limesimama katikati ya shamba la ulezi, likitusumbua tunapoinua matuta. Ameshatangulia mbele ya haki, na alikuwa katekista, kijiji kizima kilimheshimu. Rasimu yangu ya kwanza ilianza na maneno "Tulilibomoa wenyewe". Nikayasoma, nikamwona mawazoni mama yangu kanisani, watu wanageuka kumtazama. Nikafuta.

Nikajifariji kwamba kwenye uongo wangu sikumtaja mtu kwa jina. Lakini mteremko lilipokuwa tanuru una kundi moja tu la ng'ombe, nalo ni la Mzee Maduhu, aliyehamia kwetu na familia yake kutoka Shinyanga. Nilijua hivyo nilipokuwa naandika.

Jana nilikwenda kijijini kumwona mama. Alisonga ugali wa ulezi, akaunga samaki, migebuka ya Kasanga, na cheti changu akakitundika chumba cha mbele, kando ya picha ya baba. Tulikuwa hata hatujanawa mikono, Mzee Maduhu akabisha hodi. Alikuwa na kibuyu cha maziwa ya mgando, amekuja kunipongeza. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akakaa kwenye ukingo wa kiti, fimbo katikati ya magoti.

"Mwalimu, karatasi yako mtendaji wa kijiji aliisoma mkutanoni," alisema. "Jumatano wanakaa kuamua kama niondoe ng'ombe zangu pale mteremkoni. Mimi sibishani na mtu aliyesoma. Nauliza tu. Nilipohamia hapa, lile jumba la udongo nilikuta limeshaanguka, kimebaki kitako. Au ndiyo uzee, nimesahau?"

Hakuwa ananitega. Alikuwa ananiuliza kweli. Mzee wa watu alikuwa ameanza kuitilia shaka akili yake mwenyewe kwa sababu mimi niliandika vizuri.

Nikamwambia, "Nitaangalia kumbukumbu zangu, mzee."

Kumbukumbu zangu! Nilikuwa nimezikalia.

Akashukuru. Akasimama kuondoka, akageukia mlangoni. "Ile miiba mimi naibadilisha kila kiangazi. Nilijua ni kaburi la wakubwa wenu. Ng'ombe haikanyagi kaburi la mtu."

Miiba. Nilipokwenda kupiga picha za makala, kitako cha tanuru kilikuwa kimezungushiwa miiba pande zote, imepangwa kwa uangalifu kama zizi dogo. Niliinua mguu nikaivuka, ikanichana sketi, tundu lipo mpaka leo. Nikainama, nikapiga picha kwa karibu ili miiba isionekane, kwa sababu ingeharibu hadithi. Kisha nikarudi kwangu Mazwi, hapa mjini, kuandika kwamba ng'ombe ndio waliolimaliza tanuru. Kumbe hicho kidogo kilichobaki kimebaki kwa sababu ya mwenye ng'ombe.

Naona aibu. Sina neno lingine la kuliweka hapo.

Mzee alipoondoka, mama alikitazama kile kibuyu muda mrefu. Anajua. Yeye ndiye aliyekuwa akituchotea maji ya kunywa siku zile tunabeba vifusi. Nilitegemea aniambie ninyamaze, nimwache baba apumzike. Nadhani nilitaka aniambie hivyo.

"Mimi maziwa haya siwezi kuyanywa," alisema, akanisogezea.

Mimi pia sikuweza. Tulikula ugali wetu, tumeangaliana na kibuyu, na cheti kikituangalia kutoka ukutani. Ukuta ule umesimama juu ya tanuru lenyewe. Majaji wangetaka kulitafuta, wangechimba chini ya tuzo yao.

Leo kwenye misa nilishindwa kupanga mstari wa komunyo. Nilirudi nyumbani nikaandika barua mbili. Moja ni ya waandaaji, nitawarudishia cheti, na nimewaeleza sababu. Ya pili ni ya mtendaji, fupi, ina jina la baba na jina langu. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeishia sebuleni kwetu. Kesho nitaomba ruhusa kwa mkuu wa shule, nipande bodaboda, nifike kijijini kabla ya Jumatano. Nitaanzia kwa Mzee Maduhu. Bado sijui nitamwamkiaje. Najua shikamoo haitatosha.

Huenda baba atasemwa. Mimi nitasemwa zaidi, na ndivyo inavyostahili, maana baba alivunja udongo na hakumsingizia mtu.

Nimeitafuta ile picha nyingine, niliyoipiga kwa mbali kabla sijavuka, ambayo sikuipeleka kwa majaji. Hii hapa chini. Kile kitako cheusi katikati ndicho kilichobaki cha tanuru. Miiba inayokizunguka iliwekwa na Mzee Maduhu.